Kucheza gofu Torrey Pines majira ya baridi: mwongozo kamili kwa mgeni anayepita San Diego

Kila Desemba maswali ni yale yale. Mtu ametua San Diego kwa mkutano au kumtembelea ndugu, amesikia kwamba uwanja uliochezewa U.S. Open, moja ya mashindano makubwa ya gofu duniani, mwaka 2008 na 2021 ni mali ya jiji na yeyote anaweza kuucheza, kisha anafungua tovuti siku mbili kabla na kukuta hakuna nafasi. Mwingine amepata nafasi, amelipa, na giza limemkuta shimo la 14. Wa tatu, kutoka Nairobi, amecheza siku nzima huku kila mpira ukianguka mbele ya grini (eneo la nyasi fupi sana lenye shimo) na hajui kwa nini.

Makosa yote matatu hufanyika kabla ya pigo la kwanza, kwa hiyo nusu ya mwongozo huu inahusu maandalizi.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kadi ya benki ya plastiki inayokubali malipo ya nje ya nchi. Kadi pepe ya simu inaweza kulipia mtandaoni, lakini kaunta ya uwanja, duka la kukodisha gari na hoteli hutaka kadi ya kushikika.
- Laini ya simu ya nyumbani iliyowashwa huduma ya kupokea ujumbe ukiwa nje. Benki nyingi hutuma namba ya uthibitisho kwa SMS, na laini iliyobaki droo ya nyumbani imewakosesha watu wengi nafasi waliyokuwa wameshaichagua.
- Kitambulisho chenye picha.
- Viatu vya gofu vyenye meno laini, vilivyosuguliwa udongo wote. Maofisa wa mpakani Marekani huuliza kuhusu udongo na mashamba, na kiatu chenye matope ya nyumbani kinaweza kukuweka pembeni kwa ukaguzi. Safisha pia vichwa vya fimbo.
- Nguo za tabaka tatu: fulana nyepesi, sweta jembamba, na koti lisilopitisha upepo wala mvua. Koti zito halifai, linabana mabega.
- Glavu mbili au tatu. Umande wa asubuhi huilowanisha ya kwanza kabla ya shimo la nne.
- Taulo mbili, moja kavu ibaki ndani ya mfuko.
- Mipira kumi na miwili kwa anayecheza kwa handikapu (kipimo cha uwezo; ikiwa ndogo, mchezaji ni mzuri zaidi) ya 18 au zaidi. Sita inatosha kwa mchezaji mzuri.
- Kifaa cha kurekebishia alama za mpira kwenye grini. Kwa nini ni lazima, utaona hatua ya 5.
- Maji na chakula cha mkononi.

Fimbo unaweza kukodi uwanjani. Ukija na zako, zinakwenda kama mzigo wa chini ya ndege. Haziruhusiwi kuingia nazo ndani. Funika vichwa vyake kwa taulo na uweke kijiti kirefu kuliko fimbo zote, ili kipokee kishindo badala ya draiva, fimbo ya kupigia mbali zaidi. Kwa mchezo mmoja tu, kukodi kuna nafuu. Kwa michezo mitatu au zaidi, beba zako.

## Hatua ya 1: Chagua uwanja kabla ya kuchagua tarehe

Torrey Pines ina viwanja viwili vya mashimo 18, South na North, vyote juu ya majabali yanayotazama Bahari ya Pasifiki, upande wa La Jolla. Watu hukimbilia South kwa sababu ndio walioona kwenye televisheni. Hapo kosa la kwanza limeshafanyika.

South ni mrefu mno, zaidi ya yadi 7,600 kutoka tii (sehemu za kuanzia shimo) za nyuma kabisa, na rafu yake, nyasi ndefu za pembeni, haina huruma. Kwa mgeni si mkazi wa jiji, bei yake inazidi dola 200 na hupanda mwishoni mwa wiki. North ni mfupi, una nafasi zaidi, bei yake iko chini, na bahari ni ile ile. Mwenye handikapu inayozidi 15 atafurahi zaidi North. Mwenye handikapu ya 10 kushuka, au aliyekuja hasa kwa ajili ya kusimama pale Tiger Woods alipoingiza mpira wa shimo la 18 mwaka 2008, na alipe South bila majuto.

Kuna njia ya tatu ambayo wageni huisahau. Jiji lina uwanja mwingine wa mashimo 18 ndani ya Balboa Park, karibu kabisa na katikati ya mji, wenye mabonde na miinuko na mandhari ya majengo ya San Diego. Bei ni sehemu ndogo ya ile ya South. Pia lipo eneo la Mission Bay, uwanja mfupi wenye taa, ambao unaweza kuuchezea hata usiku. Weka majina haya mawili akilini. Yatakusaidia mpango wa kwanza ukiharibika.

Onyo la Januari. Mwishoni mwa Januari Torrey Pines hupokea mashindano ya PGA Tour, mfululizo wa wachezaji wa kulipwa. Viwanja vyote viwili hutumika raundi za mwanzo, kisha South peke yake. Siku za mashindano na zinazoyazunguka hutapata nafasi, na wiki kadhaa kabla yake rafu ya South huachwa irefuke kwa ajili ya mabingwa. Ukitaka South iliyo rahisi kidogo, njoo mwanzoni mwa Desemba au uvute hadi mwisho wa Februari.

*Umefaulu hatua hii iwapo* unaweza kutaja uwanja wako wa kwanza, wa pili, na siku tatu zinazokufaa, angalau moja ikiwa Jumatatu hadi Alhamisi.

## Hatua ya 2: Hesabu mwanga, kisha hesabu saa

Hapa ndipo watu wa ukanda wa ikweta hupigwa chenga. Nyumbani jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima na hakuna anayeliwazia. San Diego mwanzoni mwa Desemba jua huzama saa 10:42 alasiri. Mwisho wa Januari ni saa 11:22 hivi, na mwisho wa Februari linakaribia saa 12 kasorobo. Asubuhi halichomozi hadi kati ya saa 12:15 na 12:50, kutegemea mwezi.

Raundi ya Torrey Pines haimaliziki kwa saa nne. Uwanja umejaa, watalii wanapiga picha, rafu inameza mipira. Panga saa tano kamili kwa North, na tano na nusu kwa South. Sasa toa:

- Desemba: anza si baada ya saa 5 asubuhi.
- Mwisho wa Januari: si baada ya saa 5 na nusu.
- Mwisho wa Februari: si baada ya saa 6 mchana.

Bei ya alasiri inavutia kwa kuwa iko chini, lakini haikuhakikishii mashimo 18. Ukianza saa 7 mchana mwezi Desemba umenunua mashimo kumi hadi kumi na mawili. Si jambo baya kama unajua. Baya ni kulipa ukidhani ni kumi na nane.

Kuna mtego mwingine, nao ni wa kusoma saa. Tovuti huandika kwa mtindo wa Kimarekani. 11:00 AM ni saa 5 asubuhi kwetu, 12:30 PM ni saa 6 na nusu mchana. Tena, majira ya baridi Nairobi na Dar es Salaam zimetangulia San Diego kwa saa 11. Nafasi ikifunguliwa saa 1 jioni ya Jumanne kule, nyumbani tayari ni saa 12 asubuhi ya Jumatano. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi, Wamarekani husogeza saa mbele na tofauti inakuwa 10. Andika saa zote mbili kwenye karatasi, ya kule na ya hapa, kabla hujagusa tovuti.

## Hatua ya 3: Kamata nafasi

Zipo njia nne, na mpangilio wake hapa ni wa makusudi.

Kwanza, nunua mapema. Mgeni anaweza kuweka nafasi kati ya siku 8 na 90 kabla, kwa kuongeza ada juu ya bei ya mchezo kwa kila mchezaji. Ada hiyo hairudishwi. Wengi huikwepa, halafu wanakosa nafasi kabisa baada ya kulipia ndege na hoteli. Kama una siku moja tu ya kucheza, ilipe.

Pili, dirisha la siku 7. Ndani ya siku saba ada ya mapema haipo, lakini unashindana na wakazi wa jiji wenye kadi zao, wanaolipa kidogo na wanaojua kubofya. Fungua akaunti siku moja kabla, hifadhi kadi ya benki, ingia dakika tano kabla ya kufunguliwa. Usijaribu kutumia kadi ya mkazi ya binamu yako. Bei ya mkazi ni ya mwenye kadi peke yake, na kitambulisho hukaguliwa kaunta.

Tatu, hoteli. The Lodge at Torrey Pines na Hilton iliyo jirani zina utaratibu wa nafasi kwa wageni wao. Ni ghali. Inafaa kwa kundi la wanne wanaogawana gharama.

Nne, nenda peke yako. Mchezaji mmoja huwa na bahati kuliko watatu. Makundi ya watatu ni mengi, na uwanja hupenda kujaza nafasi ya nne. Fika kabla ya jua kuchomoza, andikisha jina kaunta, ukae karibu. Mvua ikitabiriwa, angalia tovuti tena jioni ya jana yake: watu hujitoa, nafasi zinarudi. Mvua ya San Diego mara nyingi hupita kwa saa chache, na asubuhi inayofuata anga huwa safi.

Kosa linalorudiwa hapa ni kundi la watu wanne kutafuta nafasi moja ya wanne. Gawanyikeni wawili wawili kwenye nafasi zinazofuatana. Mtapata haraka zaidi na mtakutana mezani baadaye.

*Umefaulu iwapo* una barua pepe ya uthibitisho yenye jina la uwanja (North au South, soma vizuri), tarehe, saa, na idadi ya wachezaji.

## Hatua ya 4: Rekebisha yadi zako kabla ya kusafiri

Sehemu hii haipatikani kwenye miongozo ya Wamarekani, maana haiwahusu. Torrey Pines iko juu ya bahari kidogo tu. Nairobi iko takriban mita 1,700. Hewa ya juu ni nyepesi, mpira unasafiri mbali. Ukishuka pwani, umbali huo unapotea.

Kanuni inayotumika ni asilimia 1.16 kwa kila futi 1,000 za mwinuko. Kwa mchezaji wa Nairobi hiyo ni kama asilimia 6.5. Kigali inakaribia 6. Kampala na Lubumbashi ni kama 4.5. Anayecheza Dar es Salaam au Mombasa hana cha kurekebisha upande huu.

Kisha ongeza baridi. Kila nyuzi joto 5 au 6 zinazopungua hukunyima karibu yadi 2 kwa draiva, na pungufu ya hapo kwa fimbo fupi. Asubuhi ya Januari pale juu ya jabali huwa nyuzi 9 hadi 12. Mchana hupanda hadi 18 au 19.

Mfano wa mchezaji wa Nairobi anayepiga fimbo namba 7 yadi 150 nyumbani:

- Mwinuko: 150 inakuwa 141.
- Baridi ya asubuhi: toa 2 au 3. Inabaki 138.

Draiva ya yadi 250 inakuwa 231 hivi. Kwa maneno mengine, pale ulipozoea kuchukua namba 7, chukua namba 6, na upepo wa bahari ukikukabili, namba 5. Mchezaji wa Dar anapoteza yadi chache tu kwa draiva, kwa sababu ya baridi pekee.

Wachezaji wengi hulaumu unyevu wa bahari kwamba unaufanya mpira kuwa mzito. Hewa yenye unyevu kwa kweli ni nyepesi kidogo kuliko kavu. Kinachokuangusha ni mwinuko na baridi. Andika yadi mpya za kila fimbo kwenye kikaratasi, ukibandike ndani ya kifuniko cha draiva.

Mipira ilale nawe chumbani, si kwenye buti la gari. Mpira uliolala kwenye baridi huruka vibaya. Ila usiupashe moto kwa kifaa chochote: kanuni za gofu zinakataza kubadilisha tabia ya mpira kwa makusudi, ikiwemo kwa joto.

Chagua tii kwa hesabu, si kwa fahari. Zidisha yadi za fimbo yako namba 5, zile mpya za pwani, mara 36. Ukipiga yadi 150, jibu ni 5,400. Tafuta kwenye kadi ya alama tii zenye jumla iliyo karibu na hapo. Wanaume wengi huona haya kusogea mbele, kisha wanatumia saa sita kutafuta mipira.

## Hatua ya 5: Kufika, kaunta, na mchezo usio na kedi

Kutoka katikati ya mji ni karibu kilomita 24. Kwa gari, fuata barabara kuu ya I-5 kwenda kaskazini, toka Genesee Avenue, elekea magharibi hadi North Torrey Pines Road. Bila gari, treni ya mjini ya Blue Line inafika kituo cha UTC, na kutoka hapo basi 101 hupita barabara ya uwanja. Basi linafaa ikiwa umekodi fimbo uwanjani. Kubeba mfuko mzima ndani yake ni adhabu. Asubuhi ya siku ya kazi ongeza dakika 20 za foleni.

Fika saa moja kabla. Kaunta kwanza, kisha choo, kisha eneo la mazoezi. Baridi hukaza misuli ya mgongo: anza na weji (fimbo ya mapigo ya karibu), mapigo mafupi kumi na matano, ndipo uende fimbo za kati. Anayeanza na draiva kwenye nyuzi 10 anaumiza kiuno.

Sasa jambo linalowachanganya zaidi wachezaji wa Kenya, Uganda na Tanzania. Nyumbani kedi hubeba mfuko, hutafuta mpira, husawazisha mchanga wa banka, huziba alama za grini na kukuambia mpira utapinda wapi. Kwenye uwanja wa umma Marekani unacheza bila yeye, na kila kazi hiyo ni yako:

- Ukitoka bankani, piga reki nyayo zako zote, si pale mpira ulipokuwa tu.
- Alama ya mpira kwenye grini izibe mara moja: sukuma pembeni kwenda katikati. Usiinue udongo kutoka chini, unakata mizizi.
- Kipande cha nyasi ulichokata kirudishe au ujaze mchanga ukiwepo.
- Tazama mpira wako hadi utulie, na uchague kitu nyuma yake: mti, kichaka, nguzo. Una dakika tatu tu za kuutafuta.

Kutembea kunaruhusiwa, na ndiyo njia nzuri ya kuuona uwanja huu. Kodi toroli la kusukuma. Baada ya mvua vigari huamriwa kubaki kwenye njia ya lami, na hapo mwenye kigari hutembea kwenda na kurudi kila pigo, anachoka kuliko mwenye toroli.

Pengine utachanganywa na watu usiowajua. Salimia, taja jina, sema handikapu yako kwa kweli, uliza kama wanacheza kwa kufuata utayari. Jibu huwa ndiyo: aliye tayari anapiga, hakuna kungojeana kwa heshima.

## Hatua ya 6: Nyasi ya kikuyu

Feawei za Torrey Pines, yaani njia za nyasi fupi kati ya tii na grini, ni nyasi ya kikuyu, ile ile ya nyanda za juu za Kenya, iliyobeba jina la watu wake hadi California. Majira ya baridi hupandiwa nyasi ya rye juu yake ili kijani kisififie. Aliyezoea viwanja vya Nairobi ana faida ambayo Mmarekani wa Texas hana. Aliyezoea pwani asome kwa makini.

Kwenye feawei kikuyu ni rafiki. Majani yake ni magumu, yanauinua mpira kama umewekwa juu ya kijiti cha tii. Hatari ni kupiga chini ya mpira. Lenga kuugusa mpira kwanza, kichwa kikishuka.

Kwenye rafu mambo hugeuka. Mpira huzama, na matawi yake yatambaayo hushika shingo ya fimbo na kuufunga uso wake. Matokeo ni mpira unaoelekea kushoto, chini chini, kwa mchezaji wa mkono wa kulia. Fanya hivi:

1. Angalia sehemu ya mpira inayoonekana. Ukiona chini ya nusu, sahau grini.
2. Chukua fimbo yenye mwinuko, kuanzia namba 8 hadi weji. Fimbo za mbao ziache mfukoni.
3. Fungua uso wa fimbo kidogo, elekeza kulia.
4. Kaza vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa kushoto.
5. Inua wima, shuka wima. Usifagie.

Lengo ni kurudi feawei. Mtu anayelazimisha namba 4 kutoka humo hupiga mara tatu kufika pale ambapo weji ingemfikisha mara moja.

Kuzunguka grini kosa ni pigo la kuviringisha. Kwenye nyasi nyororo mpira ungedunda na kukimbia. Kikuyu iliyolowa huukamata pale unapogusa. Usidundishe mbele ya grini. Rusha hadi juu ya grini yenyewe, hata kama shimo liko karibu na ukingo na itabidi upite mbali kidogo.

*Utajua umeelewa* pale mapigo yako mawili ya kwanza kutoka rafu yatakapotua feawei, hata kama ni yadi 80 tu mbele.

## Hatua ya 7: Grini mbili tofauti

Grini za South ni poa annua. Nyasi hii hukua bila usawa ndani ya siku moja na kutoa vichwa vidogo vya mbegu, hivyo kufikia alasiri mpira hurukaruka. Asubuhi ni laini lakini umande huufanya mpira kwenda polepole. Ukianza mapema, piga kwa nguvu zaidi mashimo matatu ya mwanzo, kisha punguza umande ukikauka. Alasiri, mapigo mafupi yapige kwa uthabiti yasipate muda wa kuyumba, na usijilaumu ukikosa.

North zilipandwa nyasi ya bent katika ukarabati wa mbunifu Tom Weiskopf wa mwaka 2016. Zinaviringisha sawasawa zaidi siku nzima. Aliyecheza North jana asiibebe kasi yake hadi South leo. Tumia dakika kumi kwenye grini ya mazoezi.

## Hatua ya 8: Mashimo ya kuangalia South

Si yote yanahitaji maelezo. Haya manne ndiyo huvunja kadi.

Shimo la 3, par 3 (la mapigo matatu kwa kiwango) inayoshuka kuelekea bahari. Macho huvutwa na maji, mtu anasahau upepo. Tazama bendera na vilele vya miti kabla ya kuchagua fimbo. Mpira ukipita nyuma ya grini, hakuna jema huko.

Shimo la 4 lina jabali upande wa kushoto wote. Lenga nusu ya kulia ya feawei, ukubali rafu ya kulia. Mpira ukishuka bondeni, usiufuate: mchanga wa majabali hayo humomonyoka, na mpira wa dola nne hauna thamani ya mguu. Chukua pigo la adhabu, dondosha mpira, endelea.

Shimo la 12 huelekea baharini, na upepo wa kawaida unakukabili. Wengi hulihesabu kuwa gumu kuliko yote. Lichukulie kama par 5. Siku za upepo wa Santa Ana, ule mkavu unaotoka jangwani, kila kitu hugeuka: upepo uko mgongoni hapa, na mashimo ya kurudi ndiyo yanayokuwa marefu.

Shimo la 18, par 5 yenye bwawa mbele ya grini. Mwaliko ni kujaribu kufika kwa mapigo mawili. Mwaka 1975 Bruce Devlin, mchezaji wa kulipwa, alizamisha mipira humo na kumaliza kwa mapigo 10. Bwawa likaitwa kwa jina lake. Acha pigo la pili lisimame yadi 90 hadi 100 kutoka shimo, kwenye feawei. Kutoka hapo weji kamili, nusu ya nyuma ya grini. Mpira mfupi wenye mzunguko mwingi unaweza kurudi majini.

## Hatua ya 9: Kulinda kasi hadi giza

Angalia saa kwenye shimo la 6, la 10 na la 14. Ukiwa umetumia zaidi ya saa moja na dakika 50 kufikia tii ya 7, kundi lenu limechelewa kwa mchezo wa Desemba. Dawa ni hizi: kila mtu aende kwenye mpira wake mwenyewe; alama ziandikwe kwenye tii inayofuata; aliyefikia mara mbili ya par anyanyue mpira, hakuna mashindano hapa. Ukihofia mpira umepotea, tangaza na upige wa akiba kabla ya kuondoka tii. Kurudi nyuma ndiko kunakoua raundi.

Marshali, msimamizi wa uwanja, akija kuwaambia msogee, jibu ni "sawa", si maelezo. Ana mamlaka ya kuwarusha shimo moja mbele.

Jua likishafika usawa wa bahari kwenye mashimo yanayoelekea magharibi, hutauona mpira ukiruka. Mwenzako asimame pembeni, si nyuma, autazame.

## Ikinyesha, au mambo yakiharibika

Mvua nyepesi isikutoe. Matope yakiwa mengi, uliza kaunta kama wameruhusu kuinua, kusafisha na kuweka mpira kwenye feawei. Bila ruhusa hiyo usiguse. Mpira uliojizika kwenye shimo lake mwenyewe, popote nje ya banka na maeneo ya adhabu, una unafuu wa bure.

Uwanja ukifungwa katikati ya raundi, nenda kaunta hapo hapo na risiti mkononi uulize fidia ya mashimo yaliyobaki. Ukisubiri hadi kesho kwa barua pepe umepunguza uwezekano. Ada ya kuweka nafasi mapema usiitegemee irudi.

Ukungu wa asubuhi kutoka baharini huchelewesha mwanzo, na kila dakika inayopotea asubuhi inakatwa jioni. Ucheleweshaji ukizidi saa moja na ulikuwa uanze saa 5, piga simu Balboa Park uulize mashimo tisa. Wana uwanja mdogo wa tisa kando ya ule mkubwa. Na kama ndege yako ni kesho asubuhi na hujagusa fimbo bado, Mission Bay huwasha taa giza likiingia. Mashimo yake ni mafupi, fimbo tano zinatosha mfukoni, na sweta la pili utalihitaji.